Ukiupata Umekwisha

Miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ya afya mjini Voi. Kazi yangu hasa ilikuwa kupiga taipu barua na ripoti, lakini kwa kuwa nilisifika kwa Kiswahili tangu shuleni, mkubwa wangu alizoea kuniletea chochote kilichotakiwa kuandikwa kwa wananchi. Siku moja aliniwekea mezani karatasi mbili za Kiingereza kuhusu ukimwi. Alitaka bango.

"Liwe fupi," alisema. "Mtu apite barabarani alisome bila kusimama. Na alikumbuke."

Nilijaribu sentensi nyingi. Nyingine zilieleza virusi, nyingine uaminifu katika ndoa. Zote alizikata kwa kalamu nyekundu. Siku ya tatu nikamwandikia: UKIMWI HAUNA DAWA. UKIUPATA UMEKWISHA. Alisoma kwa sauti, akarudia, akasema hiyo hata mtoto wa nasari ataishika. Sitaficha kwamba nilifurahi. Jioni ile nilitembea kurudi nyumbani nikiyarudia maneno yangu moyoni.

Mabango yalibandikwa mjini Voi na kando ya barabara kuu mpaka Miasenyi, ambako malori ya Mombasa husimama. Na watu waliyashika kweli. Timu ikifungwa, mashabiki waliambiwa wamekwisha. Mwanafunzi akianguka mtihani, wenzake walimwambia ameupata. Niliposikia mzaha huo sokoni niliona kazi yangu imefaulu.

Dada yangu mkubwa alikuwa na hoteli ndogo hapo Miasenyi, akiwauzia madereva chai, chapati na maharagwe. Yeye ndiye aliyenitoa kwetu Mwanda na kukaa nami nilipokuwa sekondari. Bango alilibandika kwa mkono wake juu ya kabati la chapati. "Hayo ni maneno ya mdogo wangu," aliwaambia wateja, hata wale wasiouliza.

Mwaka uliofuata alianza kukohoa. Kwanza alisema ni moshi wa kuni. Nilipomtembelea Jumapili moja miezi kadhaa baadaye, gauni lilikuwa limemlegea mabegani na alinieleza kwamba anaamka shuka zimelowa jasho. Nilikuwa nimepiga taipu ripoti nyingi za kifua kikuu. Dalili nilizijua.

"Dada, twende hospitali wakupime makohozi."

"Wanipime nini na mimi najua?"

"Unajua nini?"

Alielekeza kidevu ukutani. "Si uliandika mwenyewe?"

Nilimwambia kwamba hata kama anao, kikohozi hicho huenda ni TB, na TB ina dawa. Mtu anakunywa dawa, kifua kinapona, anarudi kazini kwake. Alinisikiliza kwa makini mpaka nikamaliza.

"Hiyo ya TB imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa pale."

"Basi unanipoza tu kwa sababu mimi ni dada yako. Ile ya kweli ndiyo mliweka kwa ukuta."

Niliinuka ili nilibandue lile bango. Akanishika mkono. "Wacha. Wateja wataniuliza kwa nini nimetoa."

Jumatatu nilimweleza mkubwa wangu. Hakuwa mtu mbaya; alinipa kiti na kuniambia niandike lingine. Niliandika kwamba mwenye virusi vya ukimwi huugua magonjwa mengine yanayotibika, kwa hivyo asijifungie nyumbani. Akasema hiyo ni barua, si bango. Nikafupisha: Ukimwi hauna dawa, lakini kikohozi kina dawa. Akauliza kama watu hawatadhani kila anayekohoa ana ukimwi, na nilijua anasema kweli. Nilikaa na kalamu wiki nzima. Nikiziba hapa, panafumuka pale. Isitoshe, stooni bado kulikuwa na marobota ya bango la kwanza, na kijana wa stoo aliendelea kuyagawa kila gari la ofisi lilipotoka.

Kila Jumapili nilirudi Miasenyi. Mara moja nilikwenda na muuguzi mmoja wa kliniki ya kifua, mwanamke mpole kuliko mimi. Dada alimpikia chai, akamwita sista, akamshukuru kwa safari, wala hakuahidi chochote. Wateja walikuwa wameshaanza kunywa chai kwa jirani. Mwishowe alifunga hoteli, akapanda milimani kwa mama, huko Mwanda, kwenye baridi na ukungu.

Huko mama hakubishana naye. Siku dada aliposhindwa kufika chooni kwa miguu, mama aliita majirani wanne, wakambeba kwenye kiti mpaka barabarani, wakamweka nyuma ya pikapu. Nilimpokea hospitali. Makohozi yalipimwa, ikaonekana ni TB. Daktari alisema mapafu yameharibika sana, lakini watajaribu. Sindano ya kwanza alidungwa siku hiyohiyo.

Siku ya tano alikula ugali na kuniuliza ni nani anayefagia mlango wa hoteli yake. Nilimwambia nafagia mimi, ingawa si kweli. Aliniuliza pia kama wale wengine wodini nao waliambiwa ugonjwa wao una dawa.

"Waliambiwa," nikasema.

"Na walikuja wenyewe?"

"Wengine."

Akageukia ukutani. Siku ya kumi alfajiri akafariki.

Mazishini wanawake wa kanisa walikuja, wakaimba vizuri, lakini walikaa mbali na nyumba. Chai tuliyoipika ilipoa kwenye sufuria. Hakuna aliyenitupia neno, na sidhani kama wengi walijua nani aliandika nini. Mama alijua.

Tulipokuwa tukikunja nguo za dada, mama aliniuliza kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kama sindano zile zingemponya kifua angezianza alipoanza kukohoa. Nilimwambia sijui. Aliendelea kukunja gauni moja kwa muda mrefu, akilifungua na kulikunja upya, kisha akaniambia nikaangalie ng'ombe kama wamepewa maji. Nikaenda. Walikuwa wamepewa. Nilisimama huko zizini mpaka akaniita.