Pikipiki Iliyokaa Ghalani

Paa la ghala letu liliporomoka wakati wa mvua, nami nikatoka Makindu ninakofanya kazi kwenda kumsaidia Baba kuokoa ndengu. Chini ya magunia tukaikuta pikipiki. Sote tulijua iko pale. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyeitaja. Baba aliitazama kidogo, akasema, "Itengeneze ama uwaite watu wa vyuma chakavu," kisha akarudi nyumbani.

Kama ulikulia upande wetu wa Tawa zamani zile, labda uliwahi kumwona akipita nayo. Alikuwa bwana mifugo, akidunga sindano ng'ombe na mbuzi wa watu kilima baada ya kilima. Mlio wake ulitufikia akiwa bado ng'ambo ya mto. Susu, nyanya yetu, aliacha kutwanga mahindi ya muthokoi na kusema, "Wekeni chai." Baba alishuka akinuka petroli, dawa ya kupe na jasho, na kwangu mimi hakukuwa na harufu nzuri kuliko hiyo. Akiisha kuingia ndani, nilipanda juu ya kiti chenye joto, nikanguruma kwa mdomo, nikashikashika klachi, breki, na ile koki ndogo chini ya tangi inayofungulia petroli. "Chezea vyote," aliniambia kila mara, "lakini koki uiache."

Kiangazi kimoja, nikiwa na miaka tisa, Mama alikuwa mjamzito na bado alienda mtoni kufukua maji kwenye mchanga. Asubuhi moja, kuku ndio wanafunguliwa, uchungu ukamshika kabla ya wakati, na damu ikaja nayo. Baba alikimbilia pikipiki, akapiga kiki. Akapiga tena. Ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Akafungua tangi, akalitikisa, akainama kutazama chini. Mchanga ulikuwa umelowa. Petroli yote ilikuwa imemwagika.

Jirani alileta mkokoteni wa punda. Wakamlaza Mama juu ya blanketi, Susu akimshika kichwa, Baba akimvuta punda kwa nguvu kwenye mawe. Kabla ya saa sita walikuwa wamerudi. Hawakuwa wamefika hospitali ya Tawa. Tuliwazika Mama na mtoto pamoja.

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti. Nakumbuka mkono wangu ukiwa kwenye koki. Kama niliirudisha au la, hilo silikumbuki, na sikumwambia mtu. Baada ya mazishi Baba aliisukuma pikipiki ghalani, akairundikia magunia, na tangu siku hiyo akawafuata mbuzi wa watu kwa miguu hadi akastaafu.

Basi niliipeleka Mukuyuni kwa fundi mmoja, mzee asiyependa maneno mengi. Panya walikuwa wamekula kiti na nyaya, nyigu wamejenga kwa udongo ndani ya ekzosi. Alitia kokoto na mafuta ya taa ndani ya tangi, tukalitikisa kwa zamu mpaka mafuta yakatoka mekundu kwa kutu. Alipofungua koki, alinionyesha raba yake, ndogo kama kifungo cha shati, imekauka na kupasuka.

"Hii haiwezi kushika petroli hata ukifunga," akasema.

"Ilipasuka lini?"

"Madam, hiyo siwezi kujua. Pengine ni kukaa. Pengine ilikuwa hivyo hata kabla iwekwe."

Nilimuuliza mara ya pili, akanijibu vilevile.

Nilirudi nyumbani nikiiendesha. Baba alikuwa akila. Nikamwambia hapohapo, kabla sijavua koti, "Baba, jioni ile nilichezea koki."

Aliweka sahani chini. "Mimi ndiye niliiendesha mwisho," akasema. "Nilikuwa nimechoka. Sikumbuki kuifunga koki. Miaka hii yote najiuliza hiyo tu."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa mtoto."

Hakuniambia kwamba si kosa langu, nami sikumwambia si lake.

Susu alishakufa, na siku hizi muthokoi tunanunua sokoni ukiwa umeshakobolewa. Mto una daraja. Mwanamke akishikwa na uchungu, kijana wa boda hupigiwa simu akaja kabla chai haijachemka. Sauti ya Mama nimejaribu kuikumbuka, siipati tena.

Kesho yake asubuhi niliwasha pikipiki nikaelekea Tawa kwa njia ileile ya mkokoteni. Nilipofika kwenye lango la hospitali nilitazama saa. Dakika kumi na tisa. Nikazima injini, nikabaki nimekaa juu yake, hadi askari wa lango akanisogelea na kuniuliza nimemleta nani.

Nikamwambia sijaleta mtu.