Milamula Ilipong'olewa

Zamani ilipotakiwa kujulikana mtu wa kijiji cha Kimuli ni nani, aliitwa jirani akasema, lakini siku hizi inaulizwa mashine, na jirani anafumba mdomo.

Mwaka 1978 Theoneste Harerimana, mkulima aliyeletwa kutoka Rwanda mgongoni mwa mama yake, aliwekeana mpaka na Kakuru, mfugaji. Walipanda pamoja mstari wa milamula, mti wa mpaka ambao hakuna aliyethubutu kuung'oa, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, kibuyu kimoja. Yakaisha. Ndani ya mpaka huo Theoneste alipanda migomba na kahawa, akamzika mkewe Mukashema, akamlea mwanawe wa pekee, Mbonimpa.

Miaka ikapita, ofisi ya kijiji ikaleta kompyuta ya kuandikisha vibanja, yaani mashamba ya watu, inayoendeshwa kwa jenereta. Wakaenda watatu: Theoneste, Mbonimpa, na Kakuru akiwa shahidi.

"Mzee, wewe Harerimana, kijana Mbonimpa," alisema karani Desderius. "Baba na mwana gani hawa?"

"Kwetu kila mtoto hupewa jina lake," alijibu Theoneste.

"Mashine haijui kwenu. Inataka mwenye kibanja na mrithi wawe jina moja. Na dizeli inaisha."

"Mimi jana ilinikubali," Kakuru akasema. "Andika kibanja chake kwa jina langu, kijana awe Mbonimpa Kakuru. Mashine ishibe, sisi tunajuana."

"Mzee Kakuru, umepata mtoto bila kulea!" karani akatania.

Wakacheka wote. Theoneste ndiye aliyecheka zaidi, maana Kakuru alikuwa shahidi wake, na alijua shahidi ni nani.

Kahawa ilipokwisha kuvunwa, ng'ombe wa Kakuru wakaingia migombani.

"Kwenye mashine ni kwangu," Kakuru alisema. "Muulize mwanangu."

Mbonimpa, aliyekwisha kuahidiwa na Kakuru ng'ombe na nusu ya kahawa, alitazama chini. "Mashine imeshaandika, baba. Tufanyeje?"

Theoneste akakimbilia ofisini. Desderius alikuwa amehamishwa, jenereta imekufa, kompyuta imefunikwa kitenge. Kuandika iliweza, kufuta, hakuna aliyejua.

Mara ya mwisho Theoneste kuwaona wawili hao, alikuwa na mkeka wake begani, akienda Nyakahanga kutafuta kibarua. Walikuwa wanang'oa milamula, huyu na jembe, yule na jembe. Kakuru hakuinua kichwa. Mbonimpa aliinua, akajifuta jasho.

"Shikamoo, mzee," akasema, akainamia tena jembe.