Mabawa Yaliyobaki

Jirani yangu huunga sanamu zilizovunjika. Vidole vyake vimekufa ganzi kwa gundi, kwa hiyo kila kipande hukipitisha shavuni kwanza, eti shavu halidanganyi. Kisichopata pa kukaa hukikaripia: "Wewe nawe, wa nani?" Juzi paka aliangusha rafu. Malaika wa udongo aliyeletwa na mteja akavunjika pamoja na joka wa jirani mwenyewe. Mabawa yalisalia jozi moja. Mengine yalisagika yakawa unga. Yaliyosalia yakamkaa malaika sawasawa. Jirani akayajaribu kwa joka, yakamkaa vilevile. Tangu hapo anayabandika na kuyabandua, hajui ashike lipi aache lipi. Mimi ningedanganya tu, nikamaliza kazi. "Shavu limezeeka," aliniambia, kama anayeungama.

Leo asubuhi mwenye malaika akaja. Alimtaka kwa ajili ya kaburi la mwanawe. Jirani alisimama mlangoni na mabawa mkononi. "Niwie radhi, mama. Sijui ni ya yupi." Yule mama alimtazama malaika, kisha joka, meno nje, mkia umejikunja kama unaokumbatia kitu. "Mtie huyu mabawa, nimchukue," akasema, akigusa joka. "Mwanangu alikuwa anaogopa giza."

Jirani aliyabandika bila kuyapitisha shavuni. Mama alipoondoka, alimwinua malaika aliyebaki mgongo mtupu, akamweka shavuni. "Wewe nawe," akamnong'oneza, "sasa ni nani?"