Fundi wa nozo na lori lililosukumwa kwa kicheko

Mvua haijakatika tangu alfajiri, na Sixto Awisan ameketi mlangoni pa gereji yake, mikono mapajani, akilitazama lori linalovuja dizeli. Haligusi. Spana zake zimo ndani ya sanduku, na sanduku limepigwa kufuli.

Leo ni obaya. Wazee wa Lidagan, kijiji cha milimani kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, walitangaza jana jioni kwamba mpunga umeshaingia ghalani, kwa hiyo watu wapumzike siku nzima. Hakuna kushika jembe, panga wala spana. Anayevunja mwiko anatozwa nguruwe, na panya wakija kuvamia maghala, jina lake ndilo litakalotajwa.

"Nilishatoa nguruwe mmoja," anasema Sixto, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu. "Nilikaza nati ya pikipiki. Nati moja, nguruwe mzima. Sirudii."

Mwenye lori, Clarito Bagwasan, hana utulivu huo. Lori lake kuukuu la Kijapani limebeba kabichi ya msimu mzima, yake na ya dada zake wawili. Redio imesema kimbunga kitafika usiku. Barabara ya kwenda sokoni La Trinidad kila mtu anaijua: kimbunga kikipiga, udongo unaporomoka na njia inafungwa kwa siku nyingi. Kabichi iliyolowa na kulundikwa namna ile haisubiri. Inaoza.

"Kaka Sixto, fumba macho ukaze," Clarito anamsihi.

"Nikifumba macho nitakaza kidole chako."

"Basi niazime spana nikaze mwenyewe."

"Wewe? Si ndiye uliyeharibu!"

Ni kweli. Juzi Clarito aliona nozo ya tatu, mojawapo ya vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya injini, inavuja kidogo kidogo, akaikaza kwa nguvu zake zote. Ilipozidi kuvuja akapaka sabuni ya kufulia na kuzungushia kipande cha mpira. Kila dereva wa huku ana kipande cha sabuni garini, kwa sababu sabuni huziba tanki lililotoboka. Lakini dizeli ya kwenye tanki imetulia. Ile ya kwenye paipu ya nozo inasukumwa kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Injini ilipowaka, sabuni iliruka kama mate.

Sixto anajua nguvu hiyo. Kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto hakikunjiki. Ujanani alipapasa paipu kama hiyo akitafuta panapovuja, na dizeli ikapenya kama sindano. Hakuona damu, akaenda kulala. Asubuhi mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na hospitali walikipasua kidole urefu wake wote.

"Kilikunywa dizeli mara moja," anasema, "kikalewa mpaka leo."

Bila kuinuka, anamwambia Clarito achomoe kijiti cha kupimia oili.

"Nusa."

"Inanuka dizeli."

"Imepanda au imeshuka?"

"Imepanda."

"Umewahi kuona oili inazaa? Hiyo ni dizeli inashukia ndani. Oili imekuwa maji. Ukifika kwenye miteremko injini itakufa, na injini ikifa breki inakuwa ngumu kama jiwe. Tutakuokota korongoni pamoja na kabichi zako. Huondoki hivi, hata ukinuna."

Wakati huo Baba Pakipac, mmoja wa wazee waliotangaza obaya, amefika na mwavuli wake kuhakikisha hakuna anayegusa kitu. Sixto anamgeukia.

"Baba, obaya inaishia wapi?"

"Darajani. Tangu zamani."

"Na kusukuma gari, ni kazi?"

Mzee anakuna shingo. Hili halikuwahi kuulizwa.

"Mkisukuma huku mnacheka, ni mchezo," anasema mwishoni. "Mkinyamaza, ni kazi."

Ndivyo wanaume kumi na kitu walivyolisukuma lori hadi daraja la mtoni huku wakicheka kwa kujilazimisha. Injini haikuwashwa, maana dizeli ilikuwa ikirukia ekzosi, na ekzosi ya moto ingeliunguza lori lote. Clarito alishika usukani na breki ya mkono. Mtu mmoja alitembea kando ya gurudumu na kabari. Sixto alijitwika sanduku lake, likiwa bado limefungwa.

"Hilo je?" aliuliza Baba Pakipac.

"Likifungwa ni mzigo, Baba. Cheka na wewe."

Lori lilikwama mwisho wa daraja, penye mwinuko mdogo. Kichwa kilikuwa kimevuka, mgongo ulikuwa bado kijijini. Baba Pakipac alisimama kwenye ubao wa mwisho kama mlinzi wa mpaka. Sixto alivuka, akafungua kufuli, akainua kichwa cha lori na kuingiza mikono.

Alitoa nozo zote nne. Ncha ya paipu ya tatu ilikuwa imepondeka kwa kukazwa kupita kiasi, akaweka nyingine aliyoihifadhi kutoka kwenye injini iliyokufa. Washa, zile pete za shaba zinazokaa chini ya nozo, zilikuwa zimebanwa mpaka zikawa ngumu, hazizibi tena. Mpya hazipatikani karibu. Alikwenda kwa Marcelina Tuldag, anayeuza kahawa na oili ng'ambo ya daraja, akazichomeka washa kwenye makaa yake, mbali na lori, hadi zikawa nyekundu, kisha akazitumbukiza kwenye maji. Shaba ikichomwa hivyo hulainika, na ikikazwa upya hukaa vizuri.

"Sufuria yangu ya kahawa umeiweka wapi?" Marcelina alifoka.

"Chini."

"Mvuani?"

"Itaongezeka."

Nozo zilirudi mahali pake na oili mpya ikamiminwa. Ilibaki kutoa hewa kwenye dizeli, la sivyo injini isingewaka. Chujio la dizeli, ambako hewa hutolewa, limefungwa kwenye chasi nyuma ya kichwa. Sixto alipoinama na spana, mwavuli ulishuka mbele ya pua yake.

"Hiyo iko kwetu," alisema Baba Pakipac.

"Baba, ni shibiri moja tu!"

"Kwani nguruwe wako ana shibiri ngapi?"

Clarito alikaa chini kwenye matope, akashika kichwa. Mawingu yalikuwa yameshafunika mlima. Marcelina ndiye aliyeleta kamba. Watu wa ng'ambo hawafungwi na obaya ya Lidagan, wakaifunga kamba mbele ya lori wakavuta, na wa Lidagan wakasukuma kwa nyuma.

"Chekeni!" Marcelina alipiga kelele. "Mbona mmenuna? Mnataka kutozwa?"

Safari hii walicheka kwelikweli, na lori likavuka.

Sixto alitoa hewa. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia. Alichana kipande cha boksi, akakipitisha karibu na kila nati. Paipu ikivuja, boksi hupata mstari wa dizeli, na kidole kinabaki kizima. Boksi lilibaki kavu. Kabla ya saa sita Clarito alikuwa ameondoka.

Mchana wote Sixto alikaa kwa Marcelina, simu mezani. Clarito alikuwa amemwachia kabichi mbili, akasema hatazichukua mpaka ajue lori limefika. Simu ililia saa kumi na moja.

"Kaka, nimefika! Kabichi zinashushwa sasa hivi."

"Oili je?"

"Nakwambia kabichi zote—"

"Chomoa kijiti."

Clarito alikwenda kuchomoa, kisha akarudi kwenye simu.

"Haijapanda, Kaka."

Sixto aliweka simu mfukoni na kuagiza kahawa nyingine.

Clarito atamlipa kwa desturi ya hapa, siku za kazi kwa siku za kazi. Yeye na dada zake watakuja na majembe kusawazisha kiwanja nyuma ya duka la Marcelina, ng'ambo ya daraja, ambako Sixto anataka kujenga kibanda cha pili. Nusu ya spana zitakaa kule, nusu zibaki Lidagan.

"Wazee wapumzishe kijiji wanavyotaka," anasema. "Nozo haijui obaya."

Baba Pakipac amesikia mpango huo. Hakuupinga. Aliuliza tu kibanda kitakuwa mbali kiasi gani na daraja, kwa sababu lori lake mwenyewe limeanza kutoa moshi mweupe, na miguu yake haipendi mwendo mrefu wa kucheka.