Jina la Dani

Harufu ya omena ikipita dirishani, namwona nyanya yangu pale Usenge, akigeuza visamaki hivyo juani huku mtoto mchanga wa shangazi akilia mgongoni mwake. Kwetu mtoto akilia hivyo hutajiwa majina ya waliofariki, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Yule alinyamaza kwa jina la babu.

“Mzee amepata mtu,” nyanya akasema. “Na mimi nikienda, msinisahau. Nitalia mpaka mniite.”

“Tutakuita, Dani,” nikamwahidi. Dani, kwa lugha yetu, ni nyanya tu. Sote tulimwita hivyo.

Leo mjukuu wangu analia tangu asubuhi. Nimetaja marehemu wote ninaowajua. Jina la nyanya silijui, na waliolijua wamezikwa.

“Dani,” namwita.

Ananyamaza, ananitazama, kana kwamba anangoja nimalizie.