Wimbo wa Taji wa Wifi Yangu Fakhriya

Hapa Ibra, Oman, watu wanasema wifi yangu Fakhriya alikataliwa na ukoo wa mchumba wake. Uongo. Sisi ndio tuliokataa, na kwa kuwa mume wangu Khalaf ameshatangulia mbele ya haki, ni wajibu wangu kulieleza jambo hili kama lilivyokuwa.

Fakhriya alizaliwa Unguja, akaja Oman msichana, akawa mwalimu wa tarikhi katika skuli ya wasichana. Alikuwa mrefu, mweupe, na pua hiyo ya kwao, ya mama wa babu yao, Bibi Gulistan, suria aliyetoka Jojia. Kwao walikuwa wakiambiana kwamba Bibi alikuwa binti wa mfalme aliyetekwa vitani. Fakhriya alilisomea. Aliwajua wafalme wa Jojia, ukoo wa Bagrationi, kama mwengine anavyowajua majirani: Davit, Malkia Tamar, mpaka Erekle na mwanawe, kisha Mrusi akala nchi. Bibi mwenyewe, alisema, alikuwa wa Dadiani, wakuu wa Megrelia, jimbo moja la huko Jojia.

Ushahidi wao ulikuwa wimbo. Bibi aliwaachia wanawake wa nyumba wimbo wa lugha ya kwao, usiojulikana maana, nao wakauita wimbo wa taji. Kila bibi harusi wa ukoo ule aliketishwa wima, ushungi usoni, akaimbiwa huo, na wageni wakanyamaza kwa heshima.

Mwaka 1995, Fakhriya akikaribia arobaini, akaposwa na Marhoun, mjane, mtu wa watu. Maisha yake yote alikuwa hajaonekana kutaka kitu, lakini huyu alimtaka. Hata akisahihisha madaftari alikuwa akitabasamu.

Mama yake Marhoun, Bi Ghanima, naye mzaliwa wa Unguja, hakupenda. Aliulizia nasaba yetu kwa watu kama anayenunua ng'ombe. Siku ya kuja kupanga harusi akaja na mgeni, Daktari Manana, mwanamke wa Jojia aliyekuwa akifanya kazi hospitali. Bi Ghanima alisema amemleta amwone ndugu yake wa damu ya kifalme. Akaomba Fakhriya aimbe.

Fakhriya akasimama, akaimba. Alikuwa na sauti nzuri.

Manana akashika mdomo, akaanza kuitikia. Kisha akainama, mikono miwili mbele, akawa anaipandisha na kuishusha kwa mwendo wa wimbo, machozi yanamtoka kwa furaha. Akatwambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba bibi yake alikuwa akiuimba shambani Megrelia, wanawake mstari mmoja, wakipalilia mahindi.

Bi Ghanima alimtaka Fakhriya afasiri. Fakhriya akafasiri neno kwa neno, alikuwa mwalimu.

"Hebu muulize," Bi Ghanima akasema, "wafalme wa kwao hupalilia?"

Manana akacheka, masikini, hakujua alipo. Akasema wakuu walikuwa na watu wao wa kulima, na wako waliowauza watu hao kwa Waturuki, wasichana hasa. Akamgeukia Fakhriya kwa upole. Bibi yenu aliuzwa?

Hilo Fakhriya hakulifasiri. Bi Ghanima hakuwa na haja, alikwisha fahamu. Alikitikisa kikombe chake cha kahawa, dalili ya kutosheka, na kahawa imo ndani, ikamwagika juu ya zulia.

"Mwanangu nilidhani anaoa kasrini," akasema, "kumbe kondeni. Hao Dadiani ndio waliomuuza, mwalimu, si waliomzaa. Umewasomesha watoto wa watu majina ya mabwana wa bibi yako."

Wakaondoka. Hapo ndipo umbea unapokomea. Lakini Marhoun alirudi, peke yake, mchana wa jua kali, akasimama mlangoni. Khalaf hakumkaribisha ndani.

"Mimi namposa Fakhriya, Sheikh Khalaf, simposi bibi yake. Mama nitamkabili mwenyewe."

"Mama yako amekwisha jibu."

"Basi muulizeni Fakhriya."

Khalaf, kaka yake, ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwoza, na bila ya walii hapana ndoa. Alisema nyumba iliyotukanwa haitoi binti. Nami niliona sawa, na mpaka leo naona sawa; tungekubali, watoto wake wangelelewa na ulimi ule. Marhoun alilia. Mlango ukafungwa.

Fakhriya alikuwa chumba cha pili. Akaniuliza nani alikuwa mlangoni. Nikamwambia mtu wa maji.

Hakuuliza tena. Ila tangu siku ile lori la maji likija, alitoka mwenyewe kufungua mlango, hata ana homa, hata baada ya Marhoun kuoa pwani, kwa watu wa Aija.

Kwenye harusi ya binti yangu Maram, 2003, wageni walitaka wimbo. Fakhriya akauimba, akainama, mikono mbele, akapalilia zulia toka mlangoni mpaka miguuni pa bibi harusi. Wengine walicheka. Nilimshika mkono nikamtoa nje, nikamfungia chumbani hadi wageni walipokwenda zao.

Tulimzika 2006, kwa heshima, na jina la ukoo wake. Alikufa mlangoni, lori la maji likiwa linapiga honi. Alikuwa na maradhi gani, na alisema nini, ni ya nyumba yangu. Sisemi.