Kundi la Mashahidi

Mwalimu Valens aliurudisha mpango wa utafiti wa Emérita kwa mara ya tatu, mbele ya wenzake wote, ukurasa wa pili ukiwa umezungushiwa wino mwekundu. Mada hakuikataa. Aliipenda tangu mwanzo: namna kipindi cha kilimo cha redio kinavyobadilisha mwenendo wa wasikilizaji wanaopambana na kirabiranya, ule ugonjwa unaokausha migomba. Alichokikataa ni mbinu.

"Bantu yako ya Lushebere iko muzuri," alisema. "Banasikiliza radio, banang'oa mugomba yenye kugonjwa. Lakini nani anakuhakikishia kama bila radio bangefanya tofauti? Groupe témoin yako iko wapi?"

Emérita alijibu kwamba Lushebere nzima husikiliza. Asiye na redio huisikia kwa jirani, na asiye na jirani huisikia kambini kwa wakimbizi wa vita.

"Basi utafute kwenye habasikilize."

"Ku mwezi," mtu mmoja alisema nyuma, na darasa likacheka.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mwalimu alisema kweli. Yeyote aliyesoma mbinu za utafiti anajua jambo hili: ukitaka kupima nguvu ya redio, lazima uwe na kundi la watu wanaofanana kwa yote na wale unaowachunguza, isipokuwa hiyo redio yenyewe haijawafikia. Ndilo linaloitwa groupe témoin. Emérita alilijua hilo, alilijibu vizuri kwenye mtihani, na bado alikuwa amejidanganya kwamba Lushebere peke yake ingetosha kwa sababu ni kwao na watu wangemjibu bila taabu.

Muda ulikuwa unamwishia. Mwaka uliotangulia masomo yalikatizwa na vita na ukapotea wote. Baba yake, mkulima wa mlimani ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa amemwambia wazi kwamba mwaka huu usipopita, atarudi nyumbani kushika jembe, na zamu ya kusoma itakuwa ya mdogo wake. Mpango wenye groupe témoin ulipaswa kukubaliwa kabla ya mwisho wa muhula. Usipokubaliwa, hakuna kazi ya mwisho, na bila kazi ya mwisho hakuna diploma.

Alifikiri juu ya vijiji vyote alivyovijua huko kwao Masisi na vyote vilikuwa na redio. Ndipo akamkumbuka Mama Agathe, mdogo wa mama yake, aliyeolewa upande wa Buleusa, kule Walikale. Nyuma ya kilima cha Buleusa kulikuwa na kitongoji kiitwacho Kasinge, kilichozibwa na mlima hata mawimbi ya redio yasikifikie. Mtu wa Kasinge akitaka kupiga simu hupanda mgongo wa mlima na kuzunguka na simu mkononi kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Watu wake hulima maharage, muhogo na ndizi, kama wa Lushebere. Kwa mtafiti, mahali pazuri kuliko hapo pangepatikana wapi?

Mwalimu Valens aliikubali Kasinge, kwa masharti. Angekwenda mara mbili: mara moja sasa, ili majibu yaambatishwe kwenye mpango kabla haujakubaliwa, mara nyingine baada ya msimu. Angeuliza maswali yaleyale aliyouliza Lushebere. Katikati asiseme kitu chochote juu ya kipindi.

Alisafiri kwa pikipiki hadi njia ilipokwisha, kisha kwa miguu kwenye tope, akafika Buleusa na viatu mkononi. Kesho yake alikaa kwenye meza ya Mama Agathe na kutafsiri karatasi zake kutoka Kifaransa. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu alijua kwamba swali lililotafsiriwa vibaya huharibu utafiti mzima. Alipofika kwenye groupe témoin hakusita. Témoin ni shahidi. Kamusi yoyote itakuambia hivyo. Akaandika: kundi la mashahidi.

Jumapili, baada ya ibada, chifu wa kitongoji aliwaambia watu wa Kasinge wabaki kidogo nje ya kanisa. Aliitwa Papa Léonard, mtu mrefu, mwenye adabu, aliyemkaribisha Emérita kwa mikono miwili. Emérita alisimama, akawasalimu, akasoma alichoandika: kwamba anatoka chuo, kwamba anachunguza redio, na kwamba wao, watu wa Kasinge, wamechaguliwa kuwa kundi la mashahidi.

Kicheko kidogo kilichokuwa kikisikika upande wa akina mama kilinyamaza.

"Mashahidi ya nini?" aliuliza Papa Léonard.

"Ya radio, Papa."

"Radio imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, Papa."

"Haijafanya kitu, na iko inatafuta mashahidi." Papa Léonard aliwageukia watu wake. "Mumesikia."

Mama mmoja alimfunga mtoto mgongoni. Wazee wawili waliinuka na kwenda zao bila kuaga. Emérita alipoanza kueleza kwamba majina yao hayataandikwa popote, hali ilizidi kuwa mbaya, maana hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba majina yangeandikwa. Baada ya muda mfupi walibaki yeye, Mama Agathe, na Papa Léonard, ambaye alimwambia kwa upole kwamba watu wana kazi mashambani, hata kama ilikuwa Jumapili.

Njiani Mama Agathe hakumhurumia.

"Nani alikutuma useme mashahidi?"

"Ndiyo jina yake, mama mudogo. Mu kitabu njo vile."

"Kitabu haikai hapa. Hapa kuliitwa bantu wawili mashahidi, juu ya ngombe zenye ziliibwa. Balienda kusema kile baliona. Balifungwa bo benyewe. Mwenye kuiba, tunamusalimiaka ku soko." Akaruka dimbwi. "Na weye unakuya na karatasi, unaita kijiji muzima."

Emérita alitembea akiwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Lugha aliyosomea ilikuwa imempa neno sahihi kabisa, na neno hilo lilikuwa limewafukuza watu kanisani.

Siku iliyofuata Mama Agathe alimrudisha Kasinge mwenyewe, akaketi naye uani kwa Papa Léonard. Safari hii Emérita hakusoma. Alisema anataka tu kulinganisha Kasinge na kijiji kingine.

"Kijiji gani?"

"Lushebere, Papa. Beko na radio. Muko bila radio. Ninaangalia kama radio inabasaidia ku migomba."

Papa Léonard alifikiri. "Kama vile muntu anapima dawa: huyu anakunywa, huyu hakunywe."

"Njo vile, Papa." Emérita alifurahi mno, kwani hata darasani si wote walioelewa upesi hivyo.

"Na siye njo benye habakunywe."

"Ndiyo, Papa."

"Mpaka lini?"

Mke wa chifu, aliyekuwa akimenya muhogo, alicheka peke yake. "Bamekuya kutafuta bajinga ba kupimia," alisema. "Bametupata." Mama Agathe naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichookoa mambo. Papa Léonard alitoa ruhusa. Emérita aliondoka pale na ruhusa aliyoitaka, na neno "bajinga" masikioni.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Françoise, mjane mwenye shamba la migomba lililoteremka hadi kijitoni. Ndizi zile ndizo alizokula, alizouza na alizokamulia pombe ya kasiksi.

"Mukiona mugomba inagonjwa, munafanyaka nini?" Emérita aliuliza, kalamu tayari.

"Tunaikata."

"Na mupanga yenye munakatia, munaifanya nini kisha?"

"Tunakatia ingine." Mama Françoise alimtazama kana kwamba swali lina mtego. "Mupanga ni ya kukata, dada."

Aliamua kumwonyesha. Shambani, mgomba mmoja kati ya minne au mitano ulikuwa na majani ya njano yaliyolegea, na mikungu iliyoiva kabla ya kukomaa. Mama Françoise aliukata mmoja. Usaha wa njano ukatoka polepole kwenye jeraha la shina. Kisha, kwa panga lilelile ambalo bado lilikuwa limelowa, akageukia mgomba mzima wa kijani na kukata majani mawili ya kufunikia kikapu.

Emérita alijua kilichotokea mbele ya macho yake: panga limehamisha ugonjwa. Kila mtoto wa Lushebere alijua. Kipindi kilikuwa kimelirudia jambo hilo hadi watu wakalichoka. Aliandika.

"Unaandika nini?"

"Vile umefanya, mama."

"Nimefanya mubaya?"

Emérita alisema hapana, anaandika tu. Akapitia nyumba mbili nyingine na kuona panga zilezile zikifanya kazi ileile, kisha akapanda mlimani na kuzunguka na simu mpaka Mwalimu Valens akasikika.

"Mwalimu, banakata migomba yenye kugonjwa na yenye iko mizima na mupanga moja."

"Njo data hiyo. Iko muzuri sana."

"Migomba itaisha kabla nirudi."

"Tutaandika kama imeisha."

"Singeweza kubaambia kidogo? Mambo ya mupanga tu?"

"Utabaambia kisha msimu, yote. Ukibaambia leo hauna tena groupe témoin, Emérita. Uko na mukutano." Sauti ilikatika, ikarudi. "...na unajua tarehe ya..." Ikakatika tena. Alizunguka mara kadhaa na hakuipata.

Alipoteremka, Mama Françoise alikuwa ameketi kwenye njia, na hakumpa nafasi ya kupita.

"Mama Agathe ananiambia kule kwenu radio inasemaka juu ya migomba. Inasema nini?"

"Nitakuambia nikirudi, mama."

"Utarudi lini?"

"Kisha mavuno ya maharage."

Mama Françoise aligeuka, akaangalia teremko lake lote. "Kisha mavuno," alisema, "utaniambia juu ya migomba gani?"

Emérita alijaribu kueleza. Alianza kusema kwamba sayansi inahitaji subira, na akasikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwake kama kitu alichokariri. Akaiacha katikati. Alimwambia atie panga motoni mpaka tone la maji likianguka juu yake lilie, kabla ya kuugusa mgomba mwingine. Alimwambia avunje lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, kwa fimbo yenye panda, bila kulikata kwa chuma, maana wadudu huchukua ugonjwa hapo. Shina lililougua likatwe chini kabisa, na mbuzi wasiingizwe.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Mama Françoise.

"Ni hivyo tu."

"Na hiyo njo ulikuwa unanificha."

Kesho yake Kasinge nzima ilinukia moshi. Kila uani kulikuwa na panga kwenye makaa, na watoto walipita na fimbo zenye panda wakigombania maua ya ndizi. Emérita alizunguka na karatasi zake, kwa kuwa hakujua la kufanya jingine, na katika kila nyumba alipewa jibu moja, kwa maneno yake mwenyewe, hata lile tone la maji linalolia. Watu wa Lushebere hawakuwahi kujibu vizuri namna hiyo.

"Nimebaambia bote bakujibu muzuri," Papa Léonard alisema wakati wa kuagana. "Tumekusaidia?"

"Mumenisaidia, Papa."

Mwalimu Valens alizisoma karatasi zote, moja baada ya nyingine, ofisini kwake.

"Ulibaambia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilikukataza."

"Ndiyo. Mama mumoja aliniuliza."

Muhula ulikuwa unakwisha wiki hiyo; kutafuta kijiji kingine hakukuwezekana. Mwalimu alizipanga karatasi vizuri, akamrudishia, na kumwambia kwamba mpango haukubaliki. Hakumgombeza. Emérita angependelea kugombezwa.

Alikuwa bado uani mwa chuo, akitafuta namna ya kumwambia baba yake, simu ilipolia. Alikuwa Mama Agathe, akihema, upepo ukipiga, maana alikuwa mlimani.

"Papa Léonard anauliza utarudi lini."

"Sitarudi, mama mudogo. Bamekataa kazi yangu. Mwaka imekufa."

"Pole. Lakini anasema muhogo nayo iko inakauka. Majani inajikunja. Anauliza tufanye nini."

"Sijue kitu juu ya muhogo."

"Basi usikilize radio," alisema Mama Agathe, "utupigie."